Mitungi Iliyokuwa Chini ya Jukwaa

Walioharibu jina la mtunzaji wa ukumbi wetu ni watu watatu, nami nitawataja kwa vyeo vyao. Wa kwanza ni mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, aliyeongoza kikao cha dharura cha alasiri ile. Wa pili ni mhubiri aliyeingia kikaoni bila barua ya mwaliko, akapewa kiti na nafasi ya kuhoji. Wa tatu ni katibu wa kamati, ambaye alikuwa na ushahidi wa kumtetea mtu yule ndani ya kabati lililokuwa hatua nne kutoka alipoketi, na hakulifungua. Katibu huyo ni mimi. Wajumbe wengine watano walinyoosha mikono, nao wana sehemu yao, lakini mkono ulionyooshwa hauna uzito sawa na kalamu iliyoandika.

Majina siyaandiki. Waliokuwa Kisumu miaka ile hawayahitaji, na ambao hawakuwako hayatawasaidia. Jambo moja tu ndilo ninalotaka lieleweke tangu mwanzo: mtunzaji huyo, sasa mzee, yu hai, ni mdhaifu, na mpaka leo watu wa kwao wanaamini kwamba alizika uchawi chini ya jukwaa la ukumbi wa mji. Hakuzika uchawi. Alikuwa akifanya kazi yake, na kazi hiyo ilikuwa imeandikwa.

Niliajiriwa kuwa katibu mwanzoni mwa miaka ya themanini. Ukumbi ulikuwa umejengwa zamani, kabla ya uhuru, na fundi Mhindi aliyelipwa kwa michango ya wafanyabiashara wa mji. Ulisimama kwenye mteremko unaotazama ziwa, kuta zake za mawe, madirisha yake juu sana, hivi kwamba tuliyafungua kwa mti mrefu wenye ndoano. Ikifika saa nane mchana upepo wa ziwani uliingia kwa madirisha ya upande wa magharibi, na watu waliokuwa wakijipepea kwa karatasi za ratiba waliziweka magotini.

Saa nane hiyo hiyo, kila Jumapili, ndipo bendi zilipoanza kupiga. Akina mama wa Nyalenda waliokuwa wameuza dagaa wa omena tangu asubuhi walifika wakiwa na viatu vya dansi ndani ya mfuko, wakavua patipati zao na kuziacha ofisini kwangu. Nilizifunga mbili mbili kwa uzi na kuzipa namba. Watu walinicheka kwa hilo. Mama mmoja mnene, muuzaji wa nyanya, aliwahi kuniuliza mbele ya wenzake kama nilikuwa nimempa hata mke wangu namba. Lakini katika miaka yote hiyo hakuna patipati iliyopotea.

Siku za kazi ukumbi ulikuwa wa kila mtu aliyejaza fomu. Kwaya za shule zilikuja kwa malori kutoka Bondo na kwingineko, watoto wakishuka na vumbi hadi kwenye kope, walimu wao wakiwapanguza nyuso kwa kitambaa kimoja. Jamaa za Wahindi walifanya ngoma zao za sikukuu, na majirani wa makabila yote walisimama madirishani kutazama. Vikundi vya maigizo vilihitaji kibali cha serikali, na kibali kilihitaji nakala ya mchezo mzima. Nakumbuka ofisa aliyetumwa kuketi safu ya mbele na nakala hiyo mapajani, akifuata mstari kwa mstari kwa kidole. Waigizaji walijifunza kumngojea. Akichelewa kufunua ukurasa, mfalme wa mchezo alisimama kimya na upanga wake hewani mpaka ukurasa ufunuliwe, na ukumbi mzima ukiumia kwa kuzuia kicheko.

Jambo lililoutofautisha ukumbi huo na majengo mengine ya mji lilikuwa sauti. Sidai kuwa mtaalamu wa mambo hayo. Naweza tu kueleza nilichosikia. Mzee mpiga nyatiti, kile kinanda chetu cha nyuzi nane, aliketi kwenye kigoda chake kifupi bila kipaza sauti, na pete ya chuma iliyokuwa kwenye kidole gumba cha mguu wake ilipogonga mbao za kinanda, mtu wa safu ya mwisho aliisikia kama imegongwa mlangoni pake. Kwaya ya watoto ishirini ilisikika kama ya watoto sitini. Wanamuziki waliotoka Nairobi walipiga makofi mawili jukwaani, wakatazamana.

Sababu yake niliikuta ndani ya faili. Karani niliyempokea kazi alinikabidhi kabati, funguo na onyo kwamba faili ya ujenzi haikuwa imesomwa na mwenyekiti yeyote. Niliisoma wiki yangu ya kwanza. Ilikuwamo barua ya yule fundi, ya siku ya kukabidhi jengo, ikieleza kwamba chini ya mbao za jukwaa ameweka mitungi ya udongo thelathini na miwili, midomo juu, nusu yake ikiwa imefukiwa mchangani, ili sauti isimezwe na ardhi. Aliomba mitungi hiyo iwekwe safi na mizima. Mitungi yenyewe, aliandika, ilinunuliwa kwa akina mama wafinyanzi wa kando ya ziwa.

Nilimwita mtunzaji nikamuuliza kama alijua habari hiyo. Alikuwa mtu mwembamba wa kutoka upande wa Nyakach, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, mwenye tabia ya kuzungumza akiwa anafanya kazi nyingine. Hakushangaa hata kidogo. Alinipeleka nyuma ya jukwaa, akafungua kimlango ambacho mimi nilikidhania cha stoo, akaingia kwa magoti na taa ya mafuta mkononi. Kisha akanipigia kelele kutoka chini kwamba nipande jukwaani niseme kitu.

Nilikuwa na muhtasari wa kikao kilichopita mkononi, nikausoma. Nilisoma waliohudhuria, waliotoa udhuru, ajenda ya choo cha wanaume, na sauti yangu ikarudi kwangu ikiwa nzito na nzuri, kama ya mtu mwenye mambo makubwa ya kusema. Nilipofika kwenye mengineyo nilinyamaza.

"Endelea, Bwana Katibu," akasema kutoka chini ya miguu yangu. "Hata hiyo choo leo inapendeza."

Tangu siku hiyo tuliheshimiana. Kila mwaka, kiangazi cha Januari, aliingia chini kwa siku tatu. Alitoa vumbi, mijusi waliokufa na viota vya panya. Aligonga kila mtungi kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, na uliotoa sauti ya kupasuka aliutoa. Mpya aliununua kwa wafinyanzi wa soko la Pap Onditi, karibu na kwao, akaja nao kwenye basi ameupakata kama mtoto mgonjwa. Kabla hajauweka, aliupika. Mama yake alimfundisha kwamba mtungi mpya hupakwa uji wa moto ndani, ukakaushwa kwa jivu la moto, ndipo matundu madogo ya udongo yazibe. Alisema mtungi usiopikwa una sauti ya mtu mwenye mafua. Uji ule ulikauka ukaacha utando mweupe, na jivu likabaki kidogo chini.

Kisha kulikuwa na jambo la pazia. Bendi zilipoanza kuleta magitaa yenye nguvu, shingo za mitungi zilitetemeka zikigusana na mihimili, na mlio wake ulikera. Mtunzaji aliniomba kitambaa cha kuzifunga. Wakati huo tulikuwa tumebadilisha pazia kuu la jukwaa, lile la zamani jekundu likiwa limeliwa na nondo. Nililiondoa katika orodha ya mali kwa utaratibu unaotakiwa. Niliandika kwenye daftari la mali kwamba pazia jekundu, moja, chakavu, limeondolewa, vipande vyake vimetolewa kwa mtunzaji kwa kufungia mitungi iliyo chini ya jukwaa. Nikatia sahihi. Yeye akatia dole gumba, ingawa alijua kuandika. Alisema dole gumba halighushiki.

Naomba msomaji ayashike mambo hayo matatu: utando wa uji, jivu, na kitambaa chekundu shingoni mwa mitungi. Kwetu sisi wawili yalikuwa kazi ya Januari. Mtu mwingine akiyakuta gizani bila maelezo, hatayaona hivyo.

Miaka ya tisini ilitujia na mazishi. Wanamuziki waliokuwa wakipanda jukwaa letu walianza kukonda. Mpiga ngoma wa bendi moja alikufa, kisha waimbaji wawili wa bendi nyingine, kisha mke wa mmoja wao. Nilizoea kupokea fomu za kukodi ukumbi kwa sherehe na za kukodi ukumbi kwa harambee za mazishi, na ukafika wakati fungu la pili likawa nene kuliko la kwanza. Ugonjwa haukutajwa kwa jina lake. Wengi walisema ni chira, ile laana ya kukonda inayompata mtu aliyevunja mwiko. Lakini chira ina mwenyewe, mtu huulizwa alivunja mwiko gani, na hakuna familia iliyotaka kuulizwa hivyo. Ilikuwa nafuu kusema kwamba ukumbi unakula watu. Nilianza kuyasikia maneno hayo sokoni, yakisemwa kwa mzaha. Mwaka uliofuata hayakuwa mzaha tena.

Mwenyekiti wetu wakati huo alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mtu wa kanisa, si mtu mbaya kwa kila hali. Vibanda vya video vilikuwa vimetunyang'anya vijana na ukumbi ulikuwa mtupu siku nyingi. Aliulizwa kila mahali kwa nini ukumbi umekufa mikononi mwake, na hakuwa na jibu.

Ndipo ubao mmoja wa jukwaa ulipovunjika. Kwaya ya akina mama wa kanisa moja ilikuwa ikifanya mazoezi asubuhi, na mama mmoja aliyesimama safu ya nyuma akatumbukia mguu hadi gotini. Hakuumia sana. Mtunzaji alikuwa amepewa ruhusa ya siku mbili kwenda kwao kupanda. Nami nilikuwa nimekwenda posta. Mwenyekiti aliwaita maseremala wawili kutoka dukani kwake wafunue jukwaa lote, akisema mbao zote zibadilishwe kwa pamoja. Waling'oa ubao wa tatu, wakamulika kwa tochi, wakaacha nyundo zao hapo hapo.

Niliporudi, ua ulikuwa umejaa watu. Nilisikia habari kabla sijafika langoni: mitungi imekutwa, imefungwa vitambaa vyekundu, ina unga ndani na majivu. Mtu alisema kuna mifupa. Mifupa ilikuwapo kweli, ilikuwa ya panya. Mama aliyetumbukia mguu alikuwa ameketi chini akilia, na wenzake wakiuosha mguu wake kwa maji ya chumvi.

Sheria za kamati zilimtaka mwenyekiti atoe notisi ya siku tatu hata kwa kikao cha dharura. Aliitoa ya saa tatu. Mtunzaji aliletwa na gari kutoka shambani, miguu yake bado ina udongo. Walikuwapo wajumbe sita, mwenyekiti akiwa mmoja wao, pamoja nami na mhubiri niliyemtaja, ambaye aliwekewa kiti mkono wa kulia wa mwenyekiti. Kabati la mafaili lilikuwa ukutani nyuma yangu. Daftari la mali lilikuwa rafu ya pili. Barua ya fundi ilikuwa rafu ya chini kabisa. Funguo zilikuwa mfukoni mwangu.

Mwenyekiti alimuuliza mtunzaji ni nani aliyeviweka vitu vile. Alijibu kwamba vingine alivikuta na vingine aliviweka yeye. Jibu lingekuwa jepesi zaidi kama angesema amevikuta vyote, na hakuna ambaye angeweza kumpinga. Lakini hakuwa mtu wa namna hiyo.

"Na kitambaa nyekundu?" akauliza mjumbe mmoja, mwenye hoteli.

"Ni mimi. Hiyo ni pazia."

"Kwani mitungi inaona haya, mpaka uivalishe?"

Wawili walicheka. Mhubiri hakucheka. Aliinama mbele, akauliza kwa upole kabisa, kama daktari, kwamba unga ule ulikuwa chakula cha nani. Mtunzaji akaeleza habari ya uji, na mama yake, na matundu ya udongo.

"Mzee, mtungi hupikwa ili usivuje," akasema mhubiri. "Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa unaweka maji huko chini?"

"Hapana."

"Basi ulikuwa unazuia nini kisitoke?"

Nimelifikiria swali hilo kwa miaka mingi, na bado naona lilikuwa swali la werevu. Mtunzaji alikunja kidole kama anayegonga mtungi. Alijua jibu kwa masikio na kwa kifundo cha kidole chake, lakini hakuwa na maneno yake. Mwenye maneno hayo alikuwa yule fundi, naye alikuwa ameyaandika, na karatasi ilikuwa nyuma yangu.

Mtunzaji akanigeukia. "Muulizeni Bwana Katibu. Yeye anajua yote. Ameandika hata pazia."

Mwenyekiti hakunitazama. "Katibu haulizwi," akasema. "Katibu anaandika."

Nikaandika. Sitajificha nyuma ya kanuni, ingawa kanuni ilikuwapo na niliijua kwa moyo: katibu si mjumbe, hachangii hoja asipoombwa na kiti. Ukweli ni kwamba niliogopa. Sahihi yangu ilikuwa kwenye daftari lile chini ya maneno kuhusu kitambaa chekundu. Katika mawazo yangu nilimwona mhubiri akilisoma, nikawaona wale watu wa uani wakiambiwa kwamba wachawi walikuwa wawili. Nilikuwa na watoto shuleni na nyumba ya kupanga. Nilijiambia kwamba kesho, watu wakiwa wametulia, nitaleta ushahidi kwa njia ipasayo. Nikaandika kwamba kamati, kwa kauli moja, imeridhika kuwa vifaa vya ushirikina viliwekwa chini ya jukwaa na mtunzaji kwa kukiri kwake mwenyewe, na kwamba anaachishwa kazi kuanzia siku hiyo. Ni mwandiko mzuri. Haukutetemeka hata herufi moja.

Mitungi ilitolewa uani ikavunjwa kwa nyundo na majembe, kwaya ya akina mama ikiimba nyimbo za ushindi. Mingine ilivunjika kimya. Mmoja ulilia kabla ya kuvunjika, sauti ndefu na safi, na waimbaji wakapandisha nyimbo zao ili kuifunika. Mtunzaji alisimama langoni na shada la funguo, akingoja mtu wa kumkabidhi, kwa kuwa hakutaka kuziacha mezani bila kupokelewa. Walipomaliza na mhubiri akainua mikono, mtunzaji alisema bila kupaza sauti kwamba wamebakisha mmoja, ule wa pembeni upande wa kimlango. Walikuwa wamevunja thelathini na mmoja. Seremala akarudi ndani akautoa. Mimi ndiye niliyepokea funguo. Niliandika stakabadhi.

Asubuhi iliyofuata nilimwandikia mwenyekiti barua, nikaambatisha nakala ya ukurasa wa daftari na nakala ya barua ya fundi. Ilinirudia baada ya siku nne, pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu: "Nimeona." Niliomba jambo hilo liingizwe kwenye yatokanayo na muhtasari. Halikuingizwa. Niliomba tena kikao kilichofuata, na kingine. Mara ya mwisho mwenyekiti aliniambia faraghani, akinishika bega, kwamba watu walikuwa wamepata amani, na akaniuliza kama nilitaka kuwanyang'anya. Wanamuziki waliendelea kufa, kwa hiyo sijui ni amani gani aliyokuwa akiizungumzia. Nafasi iliyokuwa chini ya jukwaa ilijazwa kokoto na saruji. Bendi zilileta spika kubwa kuliko milango, kisha zikaacha kuja. Kwaya za shule zilihamia viwanja vya shule.

Yaliyompata mtunzaji nayajua kwa sehemu. Yeye na mkewe walikuwa wakipanga chumba Nyalenda. Mkewe alipofika kwenye bomba la maji, wanawake waliokuwa kwenye foleni waliinua madumu yao wakasogea kando, wakimwachia nafasi kubwa ambayo hakuiomba, na akishamaliza kuchota waliacha maji yamwagike kwa muda kabla ya kukinga dumu la kwanza. Mwenye nyumba aliwaambia ana mgeni anayekihitaji chumba. Walirudi Nyakach.

Nilimwendea mara moja tu, mwishoni mwa muongo ule, mwaka mmoja kabla sijastaafu. Nilishuka Pap Onditi siku ya soko. Wafinyanzi walikuwa wamepanga mitungi yao kando ya barabara, na nilimuuliza mama mmoja njia ya boma la mzee huyo, nikimtaja kwa jina lake na la baba yake. Alinitazama, akainua kiganja chake kutoka kwenye mtungi aliokuwa akinionyesha.

"Unauliza yule wa mitungi," akasema. Halikuwa swali.

Mzee alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Alikuwa amezeeka usoni lakini mikono ilikuwa ile ile, na tulipokuwa tukizungumza alikuwa akisuka kamba. Chai ililetwa. Aliniuliza habari za ukumbi, na nilipomwambia habari ya saruji alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia kifo cha jirani. Hakuzungumzia kazi, wala hakunidai chochote. Alikuwa na ombi moja. Alisema huku kwao mtu akifa maisha yake husomwa mbele ya watu kabla ya kuzikwa: alizaliwa wapi, alioa nani, alifanya kazi wapi na aliiachaje. Alitaka karatasi. Karatasi moja yenye mhuri wa kamati, inayosema kwamba alikuwa mtunzaji wa ukumbi na kwamba mitungi ilikuwa kazi. Mwanawe angeisoma siku hiyo.

"Maneno yangu hawawezi kuamini," akasema. "Mhuri wataamini."

Nilimjibu kwamba siwezi kutoa barua ya kamati bila sahihi ya mwenyekiti. Nililisema hilo nikiwa nimeketi kwenye kiti chake, na kikombe chake mkononi.

Aliikaza kamba. Kisha akasema, bila hasira, "Basi mitungi ilikuwa afadhali kukushinda, Bwana Katibu. Hizo mtu akiita zilikuwa zinaitika."

Mkewe alinisindikiza hadi barabarani. Njiani aliniambia kwamba mume wake haachi kwenda matanga ya majirani, maana asiyezika wenzake hazikwi, lakini akifika na kuketi, benchi lote humwachia. Hukaa peke yake mpaka jioni, kisha hurudi nyumbani. Aliniita Baba aliponiaga, kama mtu anavyomwita mgeni yeyote wa heshima.

Nimestaafu. Wakati wa makabidhiano niliorodhesha daftari la mali na faili ya ujenzi, na aliyenipokea alitia sahihi kwamba amevipokea vikiwa kamili. Kwa hiyo hakuna atakayesema kwamba vimepotea bila yeye mwenyewe kuulizwa vilipotelea mikononi mwa nani. Nakala zilizothibitishwa ninazo. Mwezi uliopita mtoto wa mzee alinijulisha kwamba baba yake hainuki tena kitandani pasipo kushikwa.

Kwa hiyo naiandikia kamati ya ukumbi kama ilivyo sasa, hadharani, baada ya kuiandikia mara tatu faraghani bila kujibiwa. Nadai kamati iitishe kikao chenye notisi halali, ifungue daftari la mali na barua ya fundi mbele ya wajumbe wote, na kuufuta uamuzi wa kikao kile kwa muhtasari mpya utakaosema waziwazi kwamba ulikuwa uongo. Nadai mwenyekiti wa wakati ule na mhubiri yule waitwe kueleza walichojua na walichokataa kusoma, na kwamba mimi niitwe pamoja nao, nihojiwe kama wao, na adhabu yoyote itakayoonekana kunistahili iandikwe bila kupunguzwa kwa sababu ya umri au utumishi wangu. Nadai barua yenye sahihi na mhuri ipelekwe Nyakach na mjumbe wa kamati, kwa mkono, isomwe kwa sauti ndani ya nyumba ya mzee mbele ya majirani zake, naye akiwa anaweza kuisikia, na nakala yake ipewe kanisa lake na chifu wa kata yake. Natoa siku kumi na nne tangu kuchapishwa kwa maelezo haya. Majibu yaletwe kwa maandishi, yakiwa na jina na cheo cha kila mjumbe aliyekubali na kila mjumbe aliyekataa.